Bango Halilei Mtoto



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tumepokea barua tatu kutoka kwa vijana wetu wa VIWAWA, na zote zinauliza neno lile lile kwa namna tofauti: je, Kanisa linataka tufe? Chanzo cha swali hilo mnakijua. Shirika moja liliomba kiwanja cha parokia kwa ajili ya bonanza la vijana. Pangekuwa na mpira, jukwaa la muziki, fulana za bure, upimaji wa VVU, na mwishoni ugawaji wa kondomu kwa kila aliyehudhuria, kuanzia watoto wa darasa la saba. Halmashauri ya Walei pamoja nasi tulijibu hivi: mpira karibu, muziki karibu, upimaji karibu sana, kondomu hapana. Shirika likasema mpango wake haugawanyiki, likaondoka na vyote.

Barua hizo zinastahili jibu, tena jibu lenye sababu. Kijana anayeuliza juu ya uhai wake hatutamwambia tu kwamba "Kanisa limekataza" kisha tukafunga mlango. Basi tafakari ya juma hili ni ndefu kuliko kawaida, na tunaomba isomwe mpaka mwisho, hasa na wazazi, kwa maana sehemu iliyo kali zaidi haiwahusu vijana.

Tuanze kwa kusema ukweli, hata pale ambapo ukweli hautusaidii kushinda mabishano. Wamekuwapo Wakristo, tena wenye vyeo, waliotangaza kwamba kondomu ina vitundu vinavyopitisha virusi. Huo ni uongo, na uongo haumtumikii Mungu hata ukisemwa kwa nia ya kuokoa roho. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2002, uliowahusu wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, ulikadiria kwamba kwa wale wanaotumia kondomu kila mara bila kukosa, maambukizi hupungua kwa asilimia 80 hivi. Hesabu hiyo si ndogo, wala hatuna sababu ya kuificha. Lakini isomeni yote. Imepatikana kwa watu wazima, wanaojua hali zao, wanaokubaliana nyumbani, na wanaotumia kila mara. Swali lililo mbele yetu ni la binti wa miaka 15 aliyepewa lifti ya pikipiki kwa miezi mitatu bila kulipa nauli. Je, hesabu ile ni yake?

Hapo ndipo ugomvi wetu na kampeni hizi unapoanzia.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa ule "Juliana", jina la nguo ya fasheni iliyoletwa kwa magendo siku hizo, maana waliokuwa na fedha za biashara ndio walioonekana kuanza kukonda. Tangu mwanzo, basi, wananchi wenyewe walitambua kwamba ugonjwa huu unatembea na fedha na safari. Serikali na wafadhili wakaja na mabango ya kutisha. Baadaye wakaona hofu haitoshi, wakabadili sauti. Katika miaka ya 1990 matangazo ya kondomu za Salama yakaenea redioni, kwenye maduka na kwenye viwanja vya mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja kampeni ya Ishi na wito wake uliojulikana nchi nzima, "Usione soo, sema naye", ukiwataka vijana wazungumze na wenzi wao, wasubiri au watumie kondomu. Huko Afrika Kusini, mwaka 1999, ilianzishwa loveLife, iliyojaza barabara mabango ya rangi kali na maneno ya mafumbo. Mwaka 2005 Mfuko wa Dunia uliacha kuigharamia.

Hatutaki kuwadharau waliobuni kampeni hizo. Walithubutu kusema jambo ambalo sisi wazazi na walezi tulilifungia kabatini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi tulificha mpaka vilio vikatufikia nyumba kwa nyumba. Padre aliyezika vijana wawili kwa juma moja hana haki ya kumcheka mtu aliyepanda juu ya gari lenye vipaza sauti akawaambia wengine wajihadhari. Lugha ya mtaani haitutishi. Muziki hautukeri. Ferooz alipoimba "Starehe" katikati ya miaka ya 2000, akieleza majuto ya mtu aliyepata maambukizi kwa anasa, wimbo ule ulipigwa kwenye daladala na kwenye harusi, na wengi waliousikia walinyamaza kidogo. Hilo nalo lilikuwa somo, wala halikuja na kifurushi cha kugawa.

Shtaka letu la kwanza ni hili: kampeni hizi hudhani kwamba kijana anakosa habari, kwamba akipata habari ataamua, na kwamba akiamua itakuwa hivyo. Mkoa wa Mwanza unaweza kushuhudia kama dhana hiyo ni kweli. Kuanzia mwaka 1998 palifanyika huko utafiti mkubwa ulioitwa MEMA kwa Vijana, ukiwashirikisha watafiti wa taifa letu na wenzao wa London. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika kundi moja watoto wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi na walimu waliosaidiwa na vijana wenzao. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana kwa upole. Na vijana waliteuliwa kuhamasisha na kusambaza kondomu kwa vijana wenzao. Kundi la pili halikupewa hayo. Zaidi ya vijana 9,000 walifuatiliwa, na mwaka 2007 na 2008 vijana wa vijiji hivyo walipimwa tena.

Matokeo yalikuwa nini? Ujuzi uliongezeka, na uliendelea kubaki miaka mingi baadaye. Vijana walijibu maswali vizuri. Lakini damu zao zilipopimwa, maambukizi ya VVU na ya magonjwa mengine ya zinaa hayakuwa yamepungua kuliko katika vijiji ambavyo havikupewa kitu, wala mimba hazikupungua. Tunawaomba wasomaji wetu wasimame hapo kidogo. Huu haukuwa mradi wa bango moja na fulana mbili. Ulikuwa mradi wa miaka, uliopangwa kwa uangalifu na watu wenye nia njema, na ulipimwa kwa haki. Watafiti wenyewe walikiri kwamba kumfundisha kijana peke yake hakutoshi ikiwa jamii inayomzunguka, yaani watu wazima, inabaki vile vile.

Wala tusikimbilie kushangilia. Kipigo hicho kinatugusa sisi pia. Ikiwa somo la kondomu halikushusha maambukizi kwa sababu lilikuwa somo tu, basi hata semina yetu ya useja na usafi wa moyo, inayofanyika mara moja kwa mwaka siku ya kipaimara, kwa nusu saa, kisha soda na biskuti, haina sababu ya kujiona bora. Maneno ni maneno, yawe ya bango au ya mimbari. Mtoto haokolewi na maneno yasiyo na mtu nyuma yake.

Shtaka letu la pili linafuata kutoka hapo. Kampeni hizi humwacha mtu mzima nje ya picha. Katazameni bango lolote la aina hiyo: kijana wa kiume na kijana wa kike, wamependeza, wamelingana umri, wanatabasamu, wanashauriana. Ulimwengu wa bango ni ulimwengu wa watu walio sawa. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulituonyesha sura nyingine. Kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 24, asilimia 2.1 waliishi na VVU. Kati ya wavulana wa umri huo huo, asilimia 0.6. Kama maambukizi yangekuwa jambo la wavulana na wasichana wanaolingana, tofauti hiyo ingetoka wapi? Mwili wa msichana huambukizwa kwa urahisi zaidi, ni kweli, lakini hilo peke yake halitoshi kuieleza tofauti ya zaidi ya mara tatu. Sababu nyingine mnaijua na tunaijua. Ina gari, au pikipiki, au duka, au cheo. Ina mke nyumbani. Pengine ina kadi ya zaka isiyokosa mwezi.

Kumpa binti kondomu na kumwambia "sema naye" ni kumwachia mtoto kazi ya kumkabili mtu aliyemzidi umri, fedha, nguvu na maneno. Ni kana kwamba fisi amezoea kuingia zizini, nasi badala ya kujenga ua tunamfundisha mwana-kondoo namna ya kujadiliana naye. Kwa sheria za nchi yetu tangu mwaka 1998, anayemwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ambaye si mke wake anabaka, hata msichana akisema amekubali. Tangu mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Itakuwaje basi jambo ambalo sheria inaliita jinai, kampeni ya afya iliite chaguo lililo salama?

Shtaka la tatu ni la imani yetu, wala hatutalipunguza makali ili lipendeze. Kila bango linalomwambia mtoto wa miaka 14 "ukishindwa, tumia" limekwisha kumwambia kwamba atashindwa. Neno dogo "au", lililowekwa kati ya kusubiri na kutumia, ndilo linalobomoa kilichojengwa kabla yake. Mzazi hamwambii mwanawe "usiibe, au ukiiba vaa glovu". Sisi tunaamini kwamba kijana anaweza. Tunaamini kwamba mwili wake ni hekalu, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Wakorintho, watu walioishi katika mji wa bandari ambao vishawishi vyake havikupungukiwa na vya kwetu. Paulo hakuwahesabu kuwa watu waliokwisha kupotea. Aliwaona kuwa watu walionunuliwa kwa gharama kubwa. Usafi wa moyo si woga wa ugonjwa. Ni uhuru wa mtu anayeweza kujitoa kwa sababu anajimiliki. Ugonjwa ungetoweka kesho, mafundisho haya yangebaki.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wa kwanza atatuambia habari za Thailand. Huko Mechai Viravaidya, mtu mcheshi na mwenye akili, aliifanya kondomu kuwa jambo la kuchekwa na la kawaida, hata akafungua mgahawa ulioitwa Cabbages and Condoms. Alipokuwa serikalini mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ile iliagiza kondomu itumike katika madanguro yote, na maambukizi mapya yakashuka sana. Ni kweli. Hatulikani jambo hilo. Lakini tazameni mahali lilipofanyika. Ugonjwa ulikuwa umejikusanya katika madanguro, yanayojulikana yalipo, yanayoweza kukaguliwa na kufungwa na polisi. Kwetu ugonjwa haukukaa katika nyumba zenye anwani. Ulikaa katika urafiki, katika nyumba ndogo, katika safari za kikazi, kwenye mialo na minada, kati ya watu wanaoaminiana. Na mtu anayemwamini mwenzake huiacha kondomu baada ya mwezi wa kwanza. Agizo la waziri haliwezi kuingia humo.

Jirani zetu wa Uganda walisema nini wakati wao? Serikali ya Museveni, tangu miaka ya mwisho ya 1980, iliwaambia watu kwa lugha ya wafugaji wachunge katika malisho yao wenyewe, yaani kila mtu atulie na mwenzi wake. Viongozi wa dini, wa Kikatoliki, wa Kianglikana na wa Kiislamu, walilisema jambo hilo hilo. Watu walipunguza wapenzi, na hayo yalianza kabla kondomu hazijaenea kwa wingi nchini humo. Kutoka karibu asilimia 15 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiwango cha maambukizi kilishuka hadi karibu asilimia 6 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu ya kushuka huko ni makaburi, tusilisahau hilo. Wengi walikufa kabla ya dawa kufika. Lakini sehemu nyingine ni watu waliobadili maisha yao. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha tamko lililoungwa mkono na wataalamu zaidi ya 140, la imani na misimamo mbalimbali, waliokubaliana kwamba kwa vijana ambao bado hawajaanza, kusubiri ndio ujumbe wa kwanza, na kwa watu wazima, uaminifu. Kondomu hawakuikataa, nasi hapo hatukubaliani nao. Lakini hata wao hawakuiweka mbele kwa mtoto.

Wa pili atatuambia kwamba tunawahukumu wanaoishi na virusi. La hasha. Kanisa hili ni lao, na kwenye Ekaristi hawakai nyuma. Dar es Salaam, PASADA ya Jimbo Kuu imewahudumia tangu mwaka 1992, na huko Mwanza hospitali ya Bugando, iliyo ya maaskofu wetu, imewapokea maelfu. Leo anayemeza dawa za kufubaza virusi kwa uaminifu, hata virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Tunalitangaza hilo kwa furaha, na ndiyo sababu tulisema "karibu sana" kwa upimaji. Kuhusu wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, waje kwa daktari na waje kwa padre. Dhamiri zao haziamuliwi juu ya jukwaa la bonanza. Hata Baba Mtakatifu Benedikto XVI, aliyeshambuliwa sana mwaka 2009 kwa kusema kwamba kondomu haziwezi kuumaliza ugonjwa huu, mwaka 2010 alieleza katika mahojiano kwamba mtu aliyezama katika ukahaba, akiitumia ili asimwambukize mwenziwe, anaweza kuwa ameanza hatua ya kwanza ya kuwajibika. Alizungumzia mtu anayetoka gizani. Hakuwa akimfundisha mtoto wa darasa la saba njia ya kuingilia.

Sasa, ndugu msomaji, twende kwenye kampeni ambayo sisi tunaisifu, tena bila kusitasita, maana haikutoka kwetu. Mwaka 2008 redio zetu zilianza kutupasha habari za mtu aliyeitwa Fataki. Alikuwa mzee wa makamo, mwenye fedha kidogo na maneno mengi, akiwarubuni wasichana kwa chipsi, vocha na lifti. Vijana hawakuhubiriwa. Kila mara alitokea mtu wa kando, mtu wa kawaida tu, akaingilia kati, na Fataki akaondoka ameaibika. Watu walicheka. Lakini walipomaliza kucheka, lugha ilikuwa imepata neno jipya. Mzee akimsimamisha mwanafunzi barabarani, watoto walipaza sauti "Fataki!" naye akajikuta hana pa kuuweka uso. Uganda nao katika miaka hiyo walisimamisha mabango yaliyomuuliza mwanamume kama angekubali mtu wa aina yake awe na binti yake, na kama sivyo, kwa nini yeye yuko na binti wa mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaja "Tuko Wangapi? Tulizana", iliyowauliza watu wazima swali ambalo hata katika kitubio wengine hulikwepa.

Mnaona tofauti? Kampeni hizo hazikuwa za kawaida, zilichekesha, zilitumia lugha ya mtaani, wala hazikutaja Mungu. Hata hivyo zilifanya kazi ya nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi: zilimsimulia mwenye nguvu habari ya mtu mwingine, mpaka akajitambua kuwa ndiye. Ziliweka mzigo kwa yule anayestahili kuubeba, na zikamwambia jirani kwamba ana wajibu. Hivyo asituambie mtu kwamba Kanisa linachukia ubunifu. Tunachokataa ni ubunifu unaomwachia mwenye hatia nafasi ya kupita.

Linganisheni na tangazo lililotolewa kwenye televisheni za Kenya mwezi Machi mwaka 2013, ambalo mwanamke mwenye mume alishauriwa na mwenziwe sokoni kwamba katika mpango wake wa kando asisahau kondomu. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walipinga kwa pamoja, nalo likaondolewa. Waliolitetea walisema kwamba uzinzi upo, basi tuufanye salama. Wizi nao upo. Rushwa ipo. Tangu lini kuwapo kwa jambo kumelifanya listahili kushauriwa? Nani katika tangazo lile alimkumbuka mume, au watoto, au yule mwanamke mwenyewe, ambaye pengine alihitaji mtu wa kumsikiliza kuhusu ulevi wa mumewe kuliko kuhitaji pakiti?

Na kuna jambo moja zaidi lililotufundisha sote hivi karibuni. Mwezi Januari mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa. Fedha za nchi ile zilikuwa zimebeba sehemu kubwa ya vita dhidi ya UKIMWI katika bara letu: dawa, vipimo, mishahara, na kampeni pia. Hatufurahii hata kidogo. Dawa ziliokoa watu wetu, na anayeshangilia msaada huo kukatika hajawahi kumtazama mama aliyeinuka kitandani kwa sababu ya dawa hizo. Lakini swali linabaki. Kampeni inayoishi kwa fedha za mfadhili hufa mfadhili anapoamka vibaya. Wahamasishaji wanarudi makwao, fulana zinachakaa, bango linapauka. Anayebaki pale barabarani ni binti, na Fataki, na sisi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Miaka 20 kabla yake kiwango kilikuwa asilimia 7 kwa walio na miaka 15 hadi 49. Tumshukuru Mungu na waganga kwa kushuka huko. Lakini utafiti ule ule ulikadiria maambukizi mapya yapatayo 60,000 kwa mwaka. Hao ni zaidi ya 160 kwa siku. Tukitoka Misa ya kwanza mpaka Misa ya jioni, makumi wamekwisha ongezeka.

Basi sisi je? Hapa ndipo tulipowaomba wazazi wasiache kusoma.

Tumekataa kondomu kiwanjani. Vema. Lakini mzazi anayeikataa kondomu na wakati huo huo haulizi simu mpya ya binti yake imetoka wapi, huyo ameikubali hatari kwa mkono mwingine. Jumuiya ndogondogo inayosali rozari kila juma, na ambayo wanajumuiya wake wote wanajua ni mzee yupi anayesubiri wanafunzi pale kituoni, lakini hawamwambii neno kwa kuwa ndiye aliyechangia mabati ya kigango, jumuiya hiyo imeuza mtoto kwa mabati. Tunasema wazi: parokia hii haihitaji mabati ya namna hiyo. Bwana wetu alizungumza habari ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu anayewakosesha wadogo, wala hakutoa msamaha kwa wafadhili. Neno hilo linatuhusu sisi mapadre kabla ya wengine wote, na makatekista, na walimu wa shule zetu. Atakayejua jambo la namna hiyo lililofanywa na mtu wa Kanisa, asilete kwanza kwa paroko ili lizimwe kwa heshima. Apeleke polisi na ustawi wa jamii, kisha atuarifu.

UWAKA, ninyi wanaume, tunawaomba jambo mahsusi. Kila Jumuiya ichague baba wawili wenye sifa njema, wajulikane kwa wasichana wote wa mtaa kwamba wanaweza kuendewa saa yoyote, na kwamba watamfuata Fataki yeyote mpaka mlangoni kwake bila kujali ukoo wala cheo. WAWATA, binti wengi hutegwa kwa vitu vidogo mno: nauli, taulo za kike, daftari, sahani ya chipsi. Mfuko wenu wa huruma uanze na hivyo. Mtoto ambaye hadaiwi nauli hana deni la kulipa. Na binti aliyejifungua akiwa shuleni, ambaye tangu Novemba mwaka 2021 Serikali imemruhusu arudi darasani, asikutane na kicheko katika ukumbi wa parokia. Anayemcheka huyo anawafundisha wengine wafiche, na anayefichwa hufika hospitali akiwa amechelewa.

Nanyi vijana wetu, mlioandika barua. Kanisa halitaki mfe. Linawataka muishi, tena sana. Tutaandaa bonanza letu wenyewe hapo kiwanjani, pamoja na wahudumu wa zahanati kwa ajili ya vipimo, na jukwaa litakuwa lenu. Andikeni michezo ya kuigiza. Tungeni nyimbo. Mchekeni Fataki mpaka akose usingizi. Na siku hiyo maswali yote yataulizwa kwa uwazi, pamoja na yale ya kondomu, nasi tutajibu tukiwa na daktari kando yetu bila kuwadanganya kwa neno hata moja. Atakayekuwa ameanguka asiogope kiti cha kitubio; wala asiogope kupima. Huruma ya Mungu haichagui aliyepata majibu mazuri.

Bango husimama barabarani usiku na mchana, lakini halijawahi kumsindikiza mtoto nyumbani giza linapoingia. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye miguu. Tuifanye sisi.

Mama Bikira Maria, aliyemtafuta Mwanawe kwa siku tatu asichoke, awaombee wazazi wote. Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.